Fundi aliyekutwa amelala: kisa cha rosta, saa za ziada na jenereta iliyogoma kuwaka

Kisa hiki ni cha mwaka 2024, katika jengo la ofisi jijini Dar es Salaam. Majina, mtaa na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Tarakimu za mishahara zimesawazishwa ili hesabu ifuatike kirahisi, na viwango vya makato ni vya wakati huo.

Usuli

Jengo lina ghorofa 12 na maegesho ya chini ya ngazi mbili. Eneo la kupangishwa ni mita za mraba 6,400. Kuna lifti mbili, jenereta ya kVA 500, tangi la maji chini ya ardhi, matangi juu ya paa na pampu mbili za kupandisha maji. Usafi na ulinzi viko mikononi mwa kampuni za nje. Mafundi ni waajiriwa wa kampuni inayosimamia jengo kwa niaba ya mwenye mali: msimamizi wa ufundi mmoja, anayeshinda mchana, na mafundi wa zamu watatu.

Idadi hiyo ya watatu ina historia yake. Iliandikwa kwenye kiambatisho cha mkataba wa usimamizi wakati jengo ni jipya, ghorofa saba tu zina wapangaji, na saa 2 usiku kila kitu kinazimwa. Miaka ikapita, ghorofa zikajaa, mpangaji mmoja akaleta chumba cha seva kinachotaka umeme saa 24. Mkataba ulihuishwa mara kadhaa, na kila mara kiambatisho kilinakiliwa kama kilivyo.

Zamu zilikuwa mbili: saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, na saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Fundi yuko peke yake zamu nzima. Mshahara wa msingi ni shilingi 585,000 kwa mwezi. Juu yake kuna "posho ya zamu" ya 60,000, isiyobadilika hata mtu afanye saa ngapi. Barua za ajira hazikusema posho hiyo inalipia nini, na hakukuwa na makubaliano yoyote ya maandishi kuhusu saa za kazi.

Tukio

Mwanzoni mwa mwezi fundi wa tatu alikwenda likizo yake ya siku 28. Hakuletwa mtu wa kumshikia. Wawili waliobaki wakagawana: mkongwe, mwenye miaka minane kazini, akachukua mchana, na mwenzake kijana akachukua usiku. Kila siku, bila pumziko.

Usiku wa 23, saa 8:40, umeme wa gridi ulikatika na jenereta haikuwaka. Betri za akiba za mpangaji mwenye seva zilidumu dakika 35, kisha saa 9:15 seva zikazimika zenyewe. Saa 9:20 mlinzi alishuka chumba cha pampu na kumkuta fundi wa usiku amelala juu ya boksi la katoni lililotandazwa, redio yake ya mawasiliano ikiwa imeisha chaji. Fundi alijaribu kuwasha jenereta kwa mkono. Kilichosikika ni tik-tik ya stata, mota ya kuamshia injini, tu. Umeme wa gridi ulirudi wenyewe saa 10:05.

Asubuhi saa 1 meneja wa jengo alimtumia fundi ujumbe wa simu: "Acha funguo kwa mlinzi. Usirudi." Saa 4 barua ya mpangaji ilikuwa mezani. Ilitaka jina la aliyehusika na punguzo la tozo ya huduma, ile ambayo wapangaji hulipia uendeshaji wa jengo.

Kilichoonekana kwenye daftari

Siku hiyohiyo msimamizi alipima betri za kuwashia jenereta, mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Zilisoma volti 21.8. Betri za namna hiyo zikiwa zimejaa na hazina mzigo husoma karibu 25.4. Fyuzi ya chaja ilikuwa imekatika, hivyo kwa siku kadhaa betri zilikuwa zikilisha kompyuta ndogo ya jenereta bila kurudishiwa kitu.

Daftari la zamu lilionyesha jambo jingine. Safu ya "volti za betri" ilikuwa imejazwa 24.0 mara 22 mfululizo, siku 11, zamu zote mbili, na chini ya kila siku kuna sahihi ya msimamizi. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Chaja ikiwa inafanya kazi, mita ya ubao wa jenereta husoma karibu volti 27. Chaja ikifa, usomaji hushuka polepole: 25.3, 25.0, 24.6, na kuendelea. Hakuna hali ambayo betri itasimama kwenye 24.0 kamili kwa siku 11. Namba hiyo haikusomwa kwenye mita, iliandikwa kwa kuwa ndiyo iliyochapwa kwenye kibandiko cha mashine. Na aliyetia sahihi ni fundi aliyesomea, mtu wa kujua hivyo kwa kutupa jicho tu.

Jaribio la Jumamosi, la kuiwasha jenereta dakika 15 bila mzigo, lilikuwa limewekewa alama ya tiki. Lakini mita ya saa za injini ilisoma 3,412.6 kabla ya jaribio na 3,412.6 baada yake. Dakika 15 ni robo saa, zingeisogeza tarakimu ya mwisho walau mara mbili. Na jaribio hilo ni kazi ya zamu ya mchana, wala si ya kijana aliyekutwa amelala.

Maamuzi, kwa mpangilio wake

*Siku ya tatu: kufuta "usirudi".* Ofisa utumishi wa makao makuu alipopata habari, alibatilisha ujumbe wa meneja kwa barua. Fundi alihesabiwa kuwa amesimamishwa kazi kwa malipo kamili tangu siku ya tukio, na siku tatu zilizokwisha kupita zikalipwa. Sababu ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya utu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Hata kama kulala zamu kungehesabiwa kuwa uzembe mkubwa, ujumbe wa simu usio na kikao ungetosha kuiangusha kampuni mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

*Siku ya tano: barua ya tuhuma.* Tuhuma ziligawanywa mbili: kulala wakati wa zamu, na kuandika vipimo visivyopimwa. Kanuni za utendaji bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, na mfanyakazi ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Alipewa siku nne.

*Kosa la kwanza la utaratibu.* Barua ilimtaja msimamizi wa ufundi kuwa mwenyekiti wa kikao. Fundi wa tatu, aliyekuwa amerudi likizo na kuombwa amsindikize mwenzake, aliuliza swali moja: "Sahihi 11 zile ni za nani?" Kikao kiliahirishwa, akaletwa meneja wa jengo lingine la kampuni hiyohiyo.

*Kikao chenyewe.* Mtuhumiwa hakukana kulala. Alitoa picha ya rosta, yaani ratiba ya zamu, iliyobandikwa ukutani na kueleza siku yake: anatoka saa 12 asubuhi, safari ya nyumbani saa mbili, kurudi saa mbili nyingine. Zinabaki saa nane za kula, kuoga, kulala mchana kwenye joto la mabati, na watoto. Siku tatu kati ya hizo mwenzake alichelewa kwenye foleni, na zamu ikafika saa 13.

*Uamuzi.* Onyo la mwisho la maandishi kwa vipimo vya kubuni. Kwa kulala, mwenyekiti aliandika kwamba mwajiri ndiye aliyeunda mazingira, hivyo kosa hilo halikuongezewa adhabu. Mkongwe alipewa barua ya onyo kwa jaribio la Jumamosi. Msimamizi hakupewa chochote wakati huo.

Hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya

Wakati kikao kinaandaliwa, ofisa utumishi alichukua kalamu. Kwa mtu yeyote anayepanga zamu, sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote.

Nafasi moja inayotaka mtu saa 24 ni saa 168 kwa wiki, au 8,736 kwa wiki 52. Mtu mmoja, kwa saa 45 za kawaida kwa wiki, ukitoa wiki nne za likizo na wiki mbili za ugonjwa na mafunzo, anatoa 45 × 46, yaani saa 2,070. Gawanya: watu 4.2. Jengo lilikuwa na watatu.

Watatu wakiwa wote kazini, kila mmoja anafanya saa 56 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa 9 za kawaida kwa siku. Kuna njia ya kufika 12 bila kuzihesabu kuwa za ziada, lakini ni kwa makubaliano ya maandishi tu, kwa siku zisizozidi tano na saa 45 kwa wiki. Hawa hawakuwa nayo. Basi kila zamu ina saa 3 za ziada. Kwa wastani ni saa 14 kwa wiki, 56 kwa wiki nne. Kikomo ni 50. Kwa maneno mengine, rosta ilikuwa nje ya sheria hata mwezi wa neema, wote wazima na hakuna aliye likizo.

Mmoja akiondoka kwa siku 28, waliobaki wanafanya saa 336 kila mmoja. Saa 180 ni za kawaida. Siku nne zilikuwa za mapumziko ya wiki: saa 48, zinazolipwa mara mbili. Zilizobaki 108 ni za ziada, kwa mara moja na nusu.

Bei ya saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. 585,000 ÷ 4.333 ÷ 45 ni shilingi 3,000. Saa ya ziada ni 4,500, ya siku ya mapumziko 6,000. Hivyo 108 × 4,500 = 486,000, na 48 × 6,000 = 288,000. Jumla 774,000 kwa wiki nne hizo, zaidi ya mshahara wenyewe. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa: saa 10 kwa usiku kwa shilingi 150 ni 1,500 kila usiku, na kwa saa za ziada asilimia hiyo hupigwa juu ya 4,500, si 3,000. Kijana wa usiku alilipwa 60,000.

Halafu saa ya chakula. Wahasibu wengi huikata kwenye zamu ya saa 12 na kubaki na 11. Fundi aliye peke yake, anayetakiwa kushika redio akiwa anakula, hayuko mapumzikoni. Saa hiyo inalipwa.

Kwa mwaka mzima, kila fundi ana wiki 40 za kawaida (63,000 kila wiki, jumla 2,520,000) na wiki nane za kushikia likizo za wenzake wawili (1,548,000). Ni 4,068,000 kwa mtu, 12,204,000 kwa watatu, kabla ya nyongeza ya usiku. Fundi mmoja zaidi angegharimu 585,000, NSSF ya mwajiri asilimia 10, tozo ya ufundi stadi 3.5 na mfuko wa fidia 0.5: shilingi 666,900 kwa mwezi, 8,002,800 kwa mwaka. Kampuni iliamini inaokoa milioni nane. Ilikuwa inakopa milioni kumi na mbili kutoka kwa wafanyakazi wake bila kuziandika popote.

Njia zilizopimwa

Meneja alipendekeza kuondoa fundi wa usiku kabisa na kumfundisha mlinzi. Ilikataliwa: lifti, na swichi za kuelea zinazofuata kina cha maji kwenye matangi, zilikuwa na historia ya kugoma usiku, na mkataba wa kampuni ya ulinzi haumruhusu mlinzi kuacha lindo. Mwenye jengo naye alitaka mafundi wahamishiwe kampuni ya nje. Hiyo nayo ilikataliwa, kwa hoja fupi: saa 168 zitabaki 168, na atakayezilipa bila kuzificha atazipandisha kwenye ankara yake.

Kilichokubaliwa ni mafundi wanne kwenye mzunguko wa siku nane: mchana mbili, usiku mbili, mapumziko nne. Wastani ni saa 42 kwa wiki. Uzuri wake haumalizi kila kitu. Ukihesabu Jumatatu hadi Jumapili, wiki nne kati ya nane zina zamu nne, saa 48, hivyo saa 3 za ziada hulipwa katika kila moja ya wiki hizo hata baada ya kusaini makubaliano ya saa 12. Fundi wa tano anakaa mchana na kazi yake ya kwanza ni kuziba likizo.

Nafasi mbili mpya zilikuwa 1,333,800 kwa mwezi, karibu shilingi 208 kwa mita ya mraba. Mwenye jengo hakutaka kugusa tozo ya huduma kabla ya Januari. Mmoja aliajiriwa mara moja, mhitimu wa VETA mwenye cheti cha umeme, na wa pili akasubiri mwaka mpya.

Matokeo

Wiki ya pili baada ya kikao mkongwe aliandika notisi ya siku 28. Msimamizi alikuja kupewa barua ya onyo siku chache baadaye, kwa shinikizo la ofisa utumishi. Ingetangulia, pengine mzee asingeondoka. Aliona kwamba aliyetia sahihi ameachwa na aliyeandika amepewa barua, na hakuwa amekosea kuona hivyo. Alipotoka alipeleka dai la saa za ziada Tume, ndani ya siku 60. Liliisha kwenye usuluhishi, na kiasi ni siri ya pande mbili. Mafundi wawili waliobaki walilipwa malimbikizo ya mwaka mmoja kwa awamu tatu, bila kukatwa posho ya zamu, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema posho ile ni malipo ya saa za ziada.

Wiki tatu baada ya mkongwe kuondoka, bomba lilipasuka ghorofa ya saba saa 10 jioni. Vali ya kufungia ghorofa hiyo haikuonekana. Baada ya dakika 50 walifunga bomba kuu juu ya paa na kukata maji jengo zima. Vali ilikuwa ghorofa ya sita, juu ya dari ya choo cha wanawake, nyuma ya kipande cha jipsamu kisicho na alama. Michoro ya jengo iliionyesha ukutani upande wa pili. Kampuni ikampigia mzee. Alikuja siku mbili kwa 150,000 kwa siku, akatembea na mhitimu wa VETA, wakafunga vibao vya namba kwenye vali 41.

Uchambuzi

Mambo mawili yalichanganywa tangu asubuhi ya kwanza: jenereta kutowaka, na fundi kulala. Angekuwa macho, jenereta ingegoma vilevile. Alichopoteza kwa usingizi ni dakika 35 za kumwamsha mtaalamu wa mpangaji azime seva kwa utaratibu. Hasara hiyo si ndogo, lakini ni hasara nyingine, na ina tiba nyingine. Meneja alipomfukuza alikuwa anatibu ya pili akidhani ni ya kwanza, na betri za volti 21.8 zingebaki palepale zikisubiri fundi mpya.

Kugawa tuhuma kwenye barua kulisaidia sana. Kungekuwa na tuhuma moja ya "uzembe", daftari lisingefunguliwa.

Marekebisho ya daftari yalianza vibaya. Mafundi waliagizwa kutuma picha ya mita kwenye kundi la WhatsApp kila zamu. Ndani ya wiki mbili picha za zamani zilikuwa zinarudi. Fomu ikabadilishwa: kisanduku cha "sawa" kimeondolewa, badala yake volti huandikwa mara mbili, chaja ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa kwa dakika tano, pamoja na mita ya saa za injini. Namba mbili zinazopaswa kutofautiana ni ngumu kubuni. Msimamizi husoma mwenyewe mara moja kwa wiki, siku isiyotangazwa, na kuandika pembeni kwa wino mwekundu.

Kulipa malimbikizo bila kungoja kushtakiwa kulizua ubishi ndani ya kampuni. Idara ya fedha ilisema dai la zaidi ya siku 60 lingeweza kupingwa. Ni kweli. Lakini waliobaki walikuwa wawili tu, wenye ujuzi wa jengo usioandikwa popote, na kisa cha vali kilikwisha kuonyesha ujuzi huo unauzwa bei gani ukishatoka nje ya geti.

Kiambatisho cha mkataba sasa hakitaji idadi ya mafundi. Kinataja nafasi na saa zake, na idadi inatokana na hesabu inayorudiwa kila bajeti.

Lililobaki wazi ni la msimamizi. Sheria ya saa za kazi haimgusi mwajiriwa anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na kampuni inasema yeye ni wa kundi hilo. Yeye anaripoti kwa meneja wa jengo. Katika mwezi wa kwanza wa rosta mpya simu yake iliita mara 31 nje ya saa za kazi, mara sita kati ya hizo baada ya saa 6 usiku, na mara mbili aliwasha gari na kuja.